Tela ya Kusafirishia Trekta Dogo: Kubeba Ni Nusu, Kusimama Ni Nusu

Msimu wa kulima hauanzi siku moja katika maeneo yote ya Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo mmiliki wa trekta dogo anayetaka kurudisha gharama zake mapema hulihamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine akifuata mvua, akilimia watu kwa ekari na kuondoka pindi kazi inapokwisha. Trekta dogo linalozungumzwa hapa ni lile lenye injini ya nguvu za farasi 20 hadi 50 hivi, ambalo uzito wake huanzia chini kidogo ya tani moja na kufikia takriban tani mbili. Trekta la mkono, maarufu kwa jina la pawatila, ambalo lilienezwa sana nchini Tanzania baada ya kutangazwa kwa mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, ni jepesi zaidi na usafirishaji wake ni rahisi kuliko unaozungumzwa hapa.

Njia za kulihamisha trekta ni tatu. Ya kwanza ni kuliendesha lenyewe barabarani, jambo linalofaa kwa masafa mafupi tu, kwa kuwa matrekta mengi ya aina hii hayazidi mwendo wa kilomita 30 kwa saa, lami hula meno ya matairi yake, na magari yaendayo kasi hulikuta ghafla mbele yao. Ya pili ni kulipakia juu ya lori dogo kama Canter au Fuso kwa kutumia tuta la udongo, njia iliyozoeleka sana vijijini, ingawa sakafu ya lori huwa juu kutoka ardhini na tuta lenye urefu unaofaa halipatikani kila mahali trekta linapohitajika kushushwa. Ya tatu ni kulipakia juu ya tela inayokokotwa na pikapu au gari jingine lenye nguvu, na njia hii humpa mmiliki uhuru wa kwenda na kurudi bila kukodi lori, mradi tela hiyo imechaguliwa kwa hesabu.

Tela hiyo isichanganywe na tela ya shambani, ambayo hukokotwa na trekta lenyewe kubebea mazao, mchanga au maji. Tela ya shambani hutengenezwa kwa mwendo mdogo, na aghalabu haina breki, haina springi na haina taa, kwa hiyo kuifunga nyuma ya pikapu na kuiendesha kwa mwendo wa barabara kuu ni kuipa kazi ambayo haikuundwa kuifanya. Kosa jingine ni kuichagua tela kwa kuangalia bei na urefu wa sakafu peke yake, ilhali tela ni sehemu ya mfumo unaoanzia kwenye breki za gari na kuishia kwenye mnyororo wa mwisho uliolifunga trekta, na uwezo wa mfumo huo ni uwezo wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote.

Uzito halisi wa mzigo

Hesabu huanza na trekta lenyewe, na hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha trekta kwa kawaida ni wa trekta lisilo na zana. Uzito huo hauhesabu jembe la diski, haro, kifyekeo wala vyuma vya kuongezea uzito mbele, na hauhesabu maji ambayo wakulima wengi huyajaza katika matairi ya nyuma ili trekta lishike ardhi vizuri linapolima. Tairi moja la nyuma la trekta la aina hii linaweza kuchukua lita 150 hadi 250 za maji, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, matairi mawili yanaweza kuongeza hadi kilo 500 ambazo hazionekani kwa macho.

Kwa upande wa tela, namba tatu zinapaswa kujulikana kabla ya malipo. Namba ya kwanza ni uzito wa tela tupu. Ya pili ni uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani uzito wa tela pamoja na kila kilichomo ndani yake. Na ya tatu, ambayo hupatikana kwa kutoa ya kwanza katika ya pili, ni uwezo wa kubeba. Tela inayoitwa ya kilo 3,500 haibebi mzigo wa kilo 3,500, kwa kuwa ikiwa yenyewe ina kilo 900, kilichobaki kwa ajili ya mzigo ni kilo 2,600 tu.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi hesabu inavyoweza kugeuka. Trekta la nguvu za farasi 45 lenye kilo 1,900 likijazwa maji ya kilo 400 katika matairi ya nyuma, likafungwa jembe la diski tatu la kilo 350 na kuwekewa kilo 50 za mafuta na vifaa vya ufundi, jumla yake ni kilo 2,700. Mzigo huo umeipita tela ya kilo 3,500 kwa kilo 100, ingawa trekta peke yake lingebebwa na kubakisha nafasi ya kilo 700. Suluhisho ni kuyamwaga maji, kulipeleka jembe kwa gari jingine, au kununua tela kubwa zaidi, na katika kila hali ni busara kubakisha akiba ya asilimia 15 hadi 20 ya uwezo wa tela, kwa kuwa mashimo na matuta ya barabarani huiongezea ekseli mshtuko usiosomeka kwenye mizani.

Gari linalokokota na kiungo chake

Kila gari lina uzito wa juu ambao mtengenezaji ameruhusu likokote, na uzito huo huandikwa katika kitabu cha gari au kwenye bamba la utambulisho lililobandikwa kwenye fremu au mlangoni. Mara nyingi namba huwa mbili, moja kwa tela yenye breki zake na nyingine, iliyo ndogo zaidi, kwa tela isiyo na breki. Pikapu za kisasa za kiwango cha Toyota Hilux huruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500 katika baadhi ya matoleo, lakini matoleo ya zamani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Afrika Mashariki, yana viwango vya chini ya hapo, kwa hiyo jina la gari halitoshi kuwa ushahidi. Aidha, nguvu ya injini si kipimo cha usalama, kwani gari linaweza kuikokota tela nzito kwenye mwinuko na lisiweze kuizuia kwenye mteremko.

Kiungo cha kawaida kati ya gari na tela ni tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari, ambalo hufunikwa na kikombe kilicho kwenye ncha ya mkono wa tela. Vipenyo vya matufe havilingani, kwa maana lile linalotumika sana Ulaya na Afrika Kusini lina milimita 50, ilhali katika vifaa vya Marekani hupatikana tufe la milimita 47.6, yaani inchi moja na robo tatu na nusu ya robo, pamoja na mengine makubwa zaidi. Kikombe cha milimita 50 kikiwekwa juu ya tufe la milimita 47.6 huonekana kimekaa vizuri gari linaposimama, lakini tela inaporuka kwenye tuta la barabarani kikombe hicho kinaweza kuchomoka. Mnunuzi apime tufe, asome namba iliyogongwa juu ya kikombe, na ahakikishe kwamba chuma kinachobeba tufe kimefungwa kwenye fremu ya gari na si kwenye bampa.

Chini ya kiungo hicho panatakiwa minyororo miwili ya usalama, inayovukana kwa umbo la msalaba chini ya mkono wa tela, ili kikombe kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami na kuipindua tela.

Breki

Nishati ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake ni kwamba gari linalotoka kilomita 40 kwa saa na kufika 80 limeongeza mwendo mara mbili lakini limeongeza kazi ya breki mara nne. Pikapu yenye tani mbili ikiwa imefungwa tela yenye tani tatu isiyo na breki inalazimika kusimamisha tani tano kwa breki zilizoundwa kwa ajili ya gari hilo na mzigo wake wa kawaida, na matokeo yake ni umbali mrefu wa kusimama, breki kupata moto na kulegea, na tela kulisukuma gari hadi likajikunja pembeni. Sheria za nchi za Ulaya huweka ukomo wa kilo 750 kwa tela zisizo na breki, na ingawa sheria hizo hazitumiki Afrika Mashariki, sababu zake za kifizikia ni zilezile. Hakuna trekta la magurudumu manne linaloweza kusafirishwa ndani ya ukomo huo ukijumlisha uzito wa tela, isipokuwa yale madogo kabisa ya bustani.

Aina mbili za breki hutumika sana katika tela za ukubwa huu. Aina ya kwanza ni breki za msukumo, ambazo hufanya kazi pale gari linapopunguza mwendo na tela kusukuma mbele, kwa kuwa msukumo huo hubonyeza kifaa kilichomo ndani ya mkono wa tela nacho huvuta waya au kusukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Breki hizi hazihitaji umeme na zinaweza kufungwa nyuma ya gari lolote lenye tufe linalolingana, ndiyo maana humfaa mmiliki anayebadilisha magari. Aina ya pili ni breki za umeme, zinazoendeshwa na kifaa kilichofungwa karibu na dereva, ambazo hutoa nafasi ya kuzirekebisha kulingana na mzigo na hata kuzikamata peke yake tela inapoanza kuyumba, lakini zinahitaji nyaya nzima na fundi anayezielewa. Katika aina zote mbili, tela bora huwa na waya wa dharura unaokamatisha breki zenyewe iwapo tela itachomoka.

Ekseli, matairi na sakafu

Tela ya ekseli moja ni nyepesi na rahisi kugeuza, lakini tairi lake moja likipasuka upande mzima huanguka, na mzigo wote huegemea mahali pamoja. Kwa trekta linalozidi tani moja, tela ya ekseli mbili ndiyo inayopaswa kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa hutulia zaidi barabarani na humpa dereva muda wa kusimama salama tairi moja linapopasuka.

Matairi yenyewe husomwa. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa namba ya uwezo wa mzigo, ambapo 100 humaanisha kilo 800 kwa tairi moja na 108 humaanisha kilo 1,000. Papo hapo pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela nyingi hukaa miezi mingi juani bila kutumika, kwa hiyo tairi lake huweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka na kupasuka ubavu, na tairi la gari dogo la abiria lililofungwa kwenye tela kwa sababu tu limeenea kwenye rimu halina uwezo wa kubeba robo ya mzigo unaozungumzwa hapa.

Sakafu inaweza kukaa kati ya magurudumu au juu yake. Ikikaa katikati, tela huwa chini na trekta halipepesuki kwa urahisi, lakini upana huzuiwa na matairi ya tela, hivyo upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi la pili hauna budi kupimwa kwanza. Ikikaa juu ya magurudumu, upana huongezeka lakini mzigo hupanda juu na hatari ya kupinduka kwenye kona huongezeka nayo. Kwa upande wa urefu, trekta lenye urefu wa mita tatu na zana yake nyuma huhitaji sakafu ya takriban mita tano, si kwa ajili ya kulienea tu bali pia kuacha nafasi ya kulisogeza mbele au nyuma hadi uzito ukae mahali panapofaa.

Mahali uzito unapokaa

Tela inayotulia barabarani ni ile ambayo sehemu fulani ya uzito wake wote hukandamiza tufe. Watengenezaji wa Marekani hupendekeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iliyopakiwa, ilhali wale wa Ulaya hukubali kiasi kidogo zaidi, na maelekezo ya mtengenezaji wa gari na wa tela ndiyo ya mwisho. Uzito huo ukipungua mno, yaani mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kulia na kushoto kadiri mwendo unavyoongezeka, na mayumbo hayo hukua yenyewe hadi gari likatoka barabarani. Ukizidi mno, nyuma ya gari hudidimia, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na usukani huwa mwepesi. Njia rahisi ya kupima ni kuuweka mkono wa tela juu ya mizani ya jukwaa inayotumika kupimia magunia, magurudumu yakiwa yamewekewa kabari na tela ikiwa imelala sambamba na ardhi.

Trekta si mzigo uliolingana pande zote, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake huegemea magurudumu makubwa ya nyuma. Likiingia kwa mbele, magurudumu hayo hubaki karibu na ekseli za tela au nyuma yake, na likiingia kinyumenyume huelekea kulielemea tufe. Ndiyo maana mahali sahihi hutafutwa kwa kupima, kisha huwekwa alama ya rangi sakafuni ili kila safari trekta lisimame palepale.

Kupandisha na kufunga

Kupandisha ndiyo hatua ambayo trekta huweza kupinduka hata kabla ya safari kuanza. Tela hufungwa kwanza kwenye gari, juu ya ardhi tambarare, breki ya mkono ya gari ikiwa imevutwa na magurudumu yamewekewa kabari, na miguu ya kuegemea huteremshwa nyuma ya tela ili uzito wa trekta likiwa ukingoni usiinyanyue nyuma ya gari. Vipandio, yaani vyuma viwili vinavyounganisha sakafu na ardhi, vinapaswa kuwa na ndoano au pini za kuvizuia visiteleze, na urefu wake ndio unaoamua ukali wa mwinuko: kwa sakafu iliyo sentimita 60 juu ya ardhi, vipandio vya mita 2.4 hutoa mwinuko wa takriban nyuzi 14, lakini vya mita 1.5 hutoa karibu nyuzi 24. Mwinuko mkali na zana nzito nyuma huweza kulinyanyua trekta mbele, kwa hiyo hutumiwa gia ndogo kabisa, nguzo ya kinga dhidi ya kupinduka husimamishwa, mkanda hufungwa, na mtu yeyote haruhusiwi kusimama nyuma au pembeni.

Likishafika mahali pake, trekta huzimwa, huwekwa gia, breki ya maegesho huvutwa na zana hushushwa hadi ziguse sakafu. Viwango vya Ulaya na Marekani vinataka ufungaji uhimili nguvu ya kwenda mbele iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma, maana yake ni kwamba trekta la kilo 2,000 husukuma mbele kama kilo 1,600 breki zinapokamatwa ghafla. Kamba ya katani au ya nailoni haina kazi hapo. Panatakiwa minyororo au mikanda maalumu isiyopungua minne, mmoja kila pembe, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma, na mwingine kwa ajili ya zana, kila mmoja ukiwa umeandikwa uwezo wake salama wa kazi, ambao ni tofauti na uzito wa kuukata. Minyororo hushikizwa kwenye fremu au ekseli ya trekta, kamwe si kwenye fito za usukani wala mipira ya haidroliki. Baada ya kilomita 10 hadi 15 za mwanzo dereva husimama na kuikaza tena, kwa kuwa matairi ya trekta hukaa na minyororo hulegea.

Sheria, fundi na mteremko

Tela inayoingia barabara ya umma husajiliwa na kuwa na namba yake, ambapo nchini Kenya namba za tela huanza na herufi Z na nchini Tanzania usajili hufanywa na Mamlaka ya Mapato. Dereva hana budi kuhakikisha daraja la leseni yake linaruhusu kukokota tela. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayahusu magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na zaidi, na kwa kuwa pikapu na tela iliyopakiwa huvuka kiwango hicho kwa urahisi, dereva ajiandae kwa mizani. Taa za breki, za kuonyesha mwelekeo na viakisi mwanga vyekundu nyuma ni lazima vifanye kazi.

Tela nyingi huchomelewa na mafundi wa mitaani, na baadhi yao hufanya kazi nzuri. Hata hivyo, mnunuzi aulize ekseli zilitoka kwenye gari gani na zilikuwa zikibeba uzito gani, achunguze mishono ya kuchomelea hasa pale mkono unapokutana na fremu, anyanyue kila gurudumu na kulitikisa ili kubaini beringi zilizokwisha, na adai breki kabla ya kudai rangi. Kwa Tanzania, kituo cha CAMARTEC jijini Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kina jukumu la zana za kilimo na ni mahali pa kutafuta ushauri wa kitaalamu.

Njiani, miteremko kama ya Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida huingiwa kwa gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati, ili injini isaidie kuzuia na breki zisichemke. Tela ikianza kuyumba, mguu huondolewa taratibu kwenye mafuta na usukani hushikwa sawasawa, bila kukanyaga breki kwa nguvu wala kujaribu kuyafuata mayumbo hayo. Mwenye fedha ya kununua tela kubwa isiyo na breki au ndogo kidogo yenye breki, achague yenye breki na kuliacha jembe lisafiri kwa gari jingine.